Matanga ya Mtu Asiyemjua

Meng Yurong alifika mji wa Zigong, kusini-magharibi mwa China, mwezi wa tatu, siku ya manyunyu, akiwa na begi moja la mgongoni na mwavuli wa mumewe aliouchukua bila kumwambia. Hakuwahi kusafiri peke yake kabla ya hapo. Kwao ni Tangshan, kaskazini, mji wa makaa na vyuma na vyombo vya udongo, na kazi yake kiwandani ilikuwa kupaka rangi ukingo wa mabakuli. Alipostaafu watu walidhani atapumzika. Badala yake mama yake wa kambo alipooza upande mmoja, na Yurong akawa ndiye wa kumlisha, kumgeuza na kumwogesha, mpaka majira ya baridi yaliyopita, bibi yule alipokata roho kimyakimya, kama mtu aliyechoka na maongezi akaondoka barazani.

Zigong waliiona pamoja kwenye televisheni, katika kipindi cha visima vya chumvi. Mgonjwa, ambaye maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, aliinua mkono wake mzima akaonyesha kioo, akasema, "Wewe nenda. Mimi nimechelewa." Yurong hakuahidi kitu. Mazishi yalikuwa ya mjini: hospitali, tanuri, makaburini, kisha kila mtu akarudi kazini kwake. Baada ya hapo nyumba ikawa kimya, na ndani ya kimya kile akaanza kufikiria chumvi.

Alimwomba mumewe, Gu Changshun, waende wote. Changshun hakuinua hata macho kwenye sataranji yake.

"Chumvi ipo jikoni," alisema. "Kaitazame."

Kwa hiyo alikwenda mwenyewe.

Siku ya kwanza alifanya kama wafanyavyo wageni wote. Aliingia jumba la zamani la wafanyabiashara wa jimbo la Shaanxi, lile lenye mapaa yaliyopinda kama pembe, ambalo sasa ni makumbusho, akatazama patasi ndefu za chuma zilizotumika kuchimba visima vyembamba kama shina la mwanzi. Akapanda hadi kwenye kisima kinachofanya kazi mpaka leo, akasimama kando ya masufuria mapana yanayochemshwa kwa gesi itokayo ardhini papo hapo, akamwangalia fundi akimimina maziwa ya soya ndani ya maji ya chumvi ili yavute uchafu. Akasoma kwamba zamani nyati wa kufugwa ndio waliozungusha magurudumu ya kuvutia maji, na nyati akichoka aliliwa, na kwa hiyo watu wa hapa walijifunza kupika nyama ya kila namna, hata ile ngumu. Akala tambi mahali fulani, midomo ikafa ganzi kwa pilipili, akalala mapema. Yote yalikuwa mazuri. Hakuna lililomgusa sana.

Siku ya pili, mchana, alikuwa anateremka ngazi za mtaa mmoja karibu na mto akitafuta mahali pa kula. Kwenye kona alikuta turubai la mistari limetandwa juu ya njia, toka ukuta hadi ukuta. Chini yake kulikuwa na meza za duara, majiko yanayounguruma, vyungu vya mvuke vilivyopandana kwenda juu kama mnara, na watu wakila kwa kelele. Wengine walikuwa wamekwisha kula na wanacheza majong, vigae vinalia kama mvua ya mawe. Yurong akawaza kwamba chakula ambacho wenyeji wanakipigania namna hii hakiwezi kuwa kibaya. Akasimama akitafuta nafasi.

Kikongwe mmoja mwenye aproni, ambaye wote walikuwa wanamwita Bibi Xiang, akamwona. Akamshika kiwiko.

"Kaa hapa. Meza hii ina pengo kama mdomo wangu."

Kweli meza ilikuwa na watu saba na kiti kimoja kitupu. Yurong akakaa, akavuta begi miguuni.

"Mna sungura, mama?"

"Sungura yupo."

"Basi nipatie sungura. Pilipili kidogo tu, tafadhali."

Watu wa meza wakatazamana. Mzee mmoja aliyefunga kitambaa cheupe mkononi, ambaye Yurong alidhani ameumia, akaanza kutabasamu.

"Wa wapi wewe?" Bibi Xiang akauliza.

"Tangshan."

"Nilijua. Watu wa kaskazini wakiona pilipili wanaita zimamoto. Mwanangu, hapa huchagui, unaletewa. Shika vijiti."

Akaletewa. Sungura alikuja amekatwa vipande vidogo, mkavu, amezikwa ndani ya pilipili hata ikabidi amtafute kwa kuchokoa. Ikaja nyama ya ng'ombe laini iliyoelea kwenye mchuzi mwekundu, ikaja nyama ya nguruwe yenye mafuta iliyopikwa kwa mvuke juu ya wali mtamu wa kunata, akaja bata, akaja samaki, na mwisho supu ya figili ambayo Yurong aliinywa kama mtu aliyetoka jangwani. Machozi yalimtiririka, pua nayo. Jirani yake alikuwa akimpa karatasi za kujifutia moja moja, bila kumtazama, akiendelea na maongezi yake ya bei ya pikipiki.

Alipomaliza alijisikia mwepesi. Akasimama, akatoa simu alipie, akatafuta ile alama ya mraba ya kulipia kwa simu ambayo kila mkahawa huibandika ukutani. Hakuiona.

"Mama, mwenye mkahawa yuko wapi? Nataka kulipa."

"Mwenye nini?" Bibi Xiang akauliza.

"Mwenye mahali hapa."

Yule mzee wa kitambaa akaashiria kwa kidevu upande wa pili wa turubai. "Yumo ndani. Amelala."

"Basi mwamsheni, au nimwachie nani?"

Kijiko kikaanguka. Bibi Xiang akaziba mdomo kwa aproni, mabega yakimtikisika.

"Mwanangu," akasema alipoweza, "ukiweza kumwamsha wewe, mtaa mzima tutakulipa."

Ndipo Yurong alipoinama akachungulia chini ya ukingo wa turubai, akaona upande wa pili mashada ya maua ya karatasi yameegemea ukuta, picha ya mzee mwenye masikio makubwa, ubani ukiwaka, na jeneza la barafu linalotoa sauti ya friji. Uso ulimwiva, na safari hii haikuwa pilipili. Kwao mtu akiingia msibani bila kualikwa akala, akaomba na sungura wa pilipili kidogo, angezungumzwa na familia hiyo mpaka wajukuu.

Kicheko cha meza kilimleta binti wa marehemu. Aliitwa Kuang Suhua, mwanamke wa umri wake, mnene kidogo, mwenye kitambaa cheupe kichwani kilichoning'inia hadi mgongoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alielezwa mkasa wote na watu wanne kwa mpigo.

"Umekula ukashiba?" akamwuliza Yurong.

"Nimeshiba. Naomba radhi, dada. Sikujua kabisa. Niambie nilipe vipi, au nitoe mkono wa pole."

"Ulimjua baba yangu?"

"Hapana."

"Basi unatoa pole ya nini? Umekula, inatosha. Yeye alikuwa hapendi kiti kitupu."

Akageuka aende. Yurong angeweza kuchukua begi lake akapotea, na hakuna ambaye angemkumbuka ila kwa kicheko. Lakini alikuwa mtu wa kiwandani, hajazoea kula cha bure. Nyuma ya majiko aliona makarai ya maji na mabakuli machafu yamelundikana, na mwanamke mmoja tu anayehangaika nayo. Akavua koti, akakunja mikono ya sweta, akachuchumaa.

Bibi Xiang alikuja kumfukuza, akashindwa. "Haya," akasema, "osha. Lakini usinivunjie, ni ya kukodi."

Alasiri yote ilipita hivyo. Waliokula waliondoka, wengine walikuja. Mvua iliacha, ikarudi. Suhua alikuwa akipita na kurudi, mara anapokea wageni, mara anagombana na kaka yake aliyekuwa haachi meza ya majong, mara anabadilisha ubani. Mwishowe akaja pale kwenye makarai, akakaa juu ya kreti la bia lililogeuzwa, akachukua bakuli na kuanza kulipangusa, kwa namna ya mtu anayejificha.

"Huna pa kwenda leo?" akauliza.

"Nilitaka kwenda kuona mifupa ya wale mijusi wakubwa wa kale."

"Itakuwepo kesho. Imekaa muda mrefu." Akapangusa bakuli jingine. "Baba alikuwa mpika chumvi. Toka ujana mpaka wakafunga banda lao la kupikia chumvi. Kula chumvi nyingi, yeye aliila kweli, si kwa maneno tu. Mwishoni ulimi ukafa. Anatia chumvi kwenye uji, anatia kwenye chai. Daktari akasema moyo hautaki, basi nikamficha kopo. Kila siku ni ugomvi wa kopo."

Yurong aliendelea kuosha.

"Siku ile aliniomba supu. Nikampelekea. Akaonja, akasema, hii ni supu ya mahabusu. Nikamwambia, hutaki acha. Nikaenda zangu kufungua duka. Mimi nauza sungura wa pilipili kwenye mitungi ya kioo, pale juu, karibu na stendi. Niliporudi alikuwa amekwisha kuwa baridi, kwenye kiti chake."

"Na supu?"

"Bakuli lilikuwa tupu. Alikunywa yote. Hilo ndilo linaloniudhi."

"Likuudhi kwa nini?"

"Sijui kama alikunywa kwa njaa, au alikunywa ili nikirudi nisipige kelele."

Yurong alisuuza bakuli. Akasema tu, "Kama ni mimi ningesema njaa," na Suhua akatoa pumzi puani, si kicheko hasa.

"Wako wapo?" Suhua akauliza. "Wazazi."

"Wote wamekwenda. Mama wa kwanza alikufa kwenye lile tetemeko kubwa la ardhi. Nilikuwa mtoto. Mimi nilitolewa kwenye kifusi mapema, yeye alitolewa baadaye. Wakati ule hapakuwa na jeneza wala nini, watu walizikwa pamoja nje ya mji. Baba akaja akaoa jirani aliyefiwa na mume na mtoto. Kwetu nyumba nyingi zilishonwa hivyo, kiraka kwa kiraka. Huyo wa pili ndiye aliyenilea, na alinilea vizuri, kwa hiyo habari za yule wa kwanza sikuziuliza. Ingekuwa kama kumnyima shukrani."

"Humkumbuki hata kidogo?"

"Namjua jina. Wei Cuiping. Kila mwaka siku ya tetemeko tunashuka barabarani, kila nyumba kona yake, tunawachomea wafu karatasi."

"Halafu mnakula nini?"

"Hatuli. Tukishachoma tunarudi ndani."

Suhua alilishikilia bakuli mkononi bila kulipangusa. "Huku kwetu," akasema, "maiti haondoki watu wakiwa na njaa." Kisha kaka yake akamwita, akainuka.

Giza lilipoanza kuingia, kabla taa za mtaa hazijawaka vizuri, mwongoza ibada alifika. Aliitwa bwana Tang, mfupi, mwenye kipaza sauti na sauti iliyokauka kwa misiba mingi. Alikuja na wapiga zumari wawili na mwanamke wa kukodi wa kuimba kilio. Meza zikasogezwa. Watu wakapangwa kwa nasaba: wana hapa, wajukuu pale, mabinti upande huu. Mzee Kuang alikuwa na mabinti wawili, lakini mdogo aliolewa mbali sana, na ndege yake ilikuwa imekwama kwa ukungu. Yurong alikuwa amesimama karibu na Suhua, mikono bado imelowa, anasubiri nafasi ya kuaga. Bwana Tang alipita akigawa vitambaa vyeupe, akamwona mwanamke wa umri ule ule bega kwa bega na binti mkubwa, akamwekea kitambaa mkononi, akaendelea na safari yake.

"Si lazima, dada," Suhua akamnong'oneza. "Mrudishie."

Yurong alikitazama kitambaa. Kaskazini ni mkosi kuvaa cheupe cha msiba usio wako, kinawaita wazazi wako kaburini. Lakini wake walikuwa wamekwishakwenda wote, watatu, hakuna aliyebaki wa kuitwa. Akakifunga. Suhua akamrekebishia fundo nyuma, kama ambavyo angemfanyia mdogo wake.

Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa Changshun, amepiga kwa video. Yurong alipokea haraka ili kelele ikome.

"Mama Peng," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida, "ufunguo wa kabati la dawa uko wapi?" Kisha akakodoa macho. "Una nini kichwani?"

"Kitambaa."

"Cheupe."

"Ndiyo, cheupe."

"Nani kafa?"

"Mzee Kuang."

"Kuang yupi?"

"Simjui."

"Humjui?"

"Nilikula kwake mchana."

Changshun alisogeza uso hadi ukajaza kioo kizima, pua na jicho moja. "Mama Peng, wewe ulikwenda kutalii au ulikwenda kuzika?"

"Ufunguo uko droo ya chini, nyuma ya soksi. Nakata. Wanatuambia tupige magoti."

Walipiga magoti. Zumari zikalia, na yule mwanamke wa kukodi akaimba juu ya mema ya mzee, jinsi alivyoamka kabla ya jogoo, jinsi alivyokula mabaki ili watoto wale kipya. Kaka yake Suhua, aliyekuwa kwenye majong tangu asubuhi, alilia kwa sauti hata akashikwa mabega na watu wawili. Suhua hakulia. Yurong naye hakulia. Alisikia ubaridi wa saruji magotini, akasikia harufu ya ubani na ya mafuta ya pilipili kwenye sweta yake, akainama walipoinama, akainuka walipoinuka.

Baadaye yakaja mafurushi. Hizi ni bahasha kubwa za karatasi zilizojaa pesa za wafu, na juu ya kila moja huandikwa jina la anayepelekewa, ili isipokelewe na mwingine. Bwana Tang alikuwa amekaa kwenye meza ndogo na brashi ya wino, akiandika majina ya ukoo wa Kuang, marehemu kwanza, kisha wazazi wake na mkewe. Suhua akavuta bahasha moja tupu, akaijaza, akaiweka mbele yake.

"Wei Cuiping," akasema.

"Ni nani huyo?"

"Mama yake huyu dada."

Bwana Tang akaweka brashi chini. "Haiwezekani. Furushi la ukoo mwingine halichanganywi. Litapotea njiani."

"Baba atalibeba. Njia anazijua."

"Baba yako? Mara ngapi nimemtoa mimi mtaroni kwa mikono hii, anatafuta mlango wake?"

"Hapo alikuwa amelewa," Bibi Xiang akasema kutoka nyuma, akiwa na sufuria mkononi. "Leo ni siku ya tatu hajagusa pombe. Andika."

Watu wakacheka, bwana Tang naye akakunja midomo asicheke. Akachovya brashi. "Cui ipi? Zipo alama nyingi zinazosomeka hivyo."

"Ile yenye manyoya juu," Yurong akasema. "Na Ping ni ya majani ya majini."

Akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko sauti yake. Yurong hakuwahi kuliona jina lile limeandikwa kwa wino. Alikuwa amezoea kuliona kwenye jiwe la ukumbusho wa tetemeko, kati ya majina mengine mengi, dogo, na kila mara ilibidi alitafute.

Walichomea ukingoni mwa mto, ndani ya pipa lililokatwa. Moto ulikuwa mkubwa na wa haraka. Suhua alitia mafurushi ya baba yake, halafu akampisha Yurong atie la kwake kwa mkono wake mwenyewe. Yurong alilitia. Hakuhisi jambo kubwa. Alihisi joto usoni, na kwamba magoti yanauma, na kwamba ana njaa tena. Waliporudi chini ya turubai Bibi Xiang alikuwa amewawekea uji wa maharage ya kijani na mboga za chumvi. Yurong akala bila kuuliza bei.

Alfajiri mzee alipelekwa kuchomwa. Yurong alikuwa hotelini amelala, kwa sababu aliona hiyo ni safari ya wenyewe. Mchana Suhua akamfuata hotelini na pikipiki ya betri, amekwisha kuvua cheupe, akampeleka mahali pasipo kwenye ramani ya wageni: banda la matofali nyuma ya stoo za saruji, mlango umefungwa kwa mnyororo. Walichungulia kwenye ufa. Ndani kulikuwa na masufuria makubwa yaliyopasuka, na ukuta mmoja ulikuwa mweusi kabisa kwa moshi, mwingine mweupe kwa chumvi iliyojitokeza kwenye matofali.

"Alikuwa anasimama pale," Suhua akasema, "kwenye ule ukuta mweusi. Kipindi cha baridi tulikuwa tunamletea chakula, hatutaki kuondoka, kwa ajili ya joto. Alikuwa anachukua yai, analizika kwenye chumvi ya moto, tunakula hapa hapa mlangoni."

Halafu akainama, akaegemeza paji la uso kwenye mlango, akalia. Alilia muda mrefu na bila mpangilio, kwa sauti mbaya, isiyofanana hata kidogo na ya yule mwanamke wa kukodi. Yurong alishika pikipiki isianguke. Ilipokwisha Suhua alijifuta kwa glavu.

"Twende," akasema. "Wale mijusi wako wanafunga mapema."

Walikwenda kuona mifupa. Suhua, aliyezaliwa mji huo huo, alikuwa hajawahi kuingia.

Yurong alirudi Tangshan na mitungi minne ya sungura. Changshun alikula kipande kimoja, akatembea chumba kizima akipepea ulimi kwa mkono, akarudi akachukua kingine. Habari za kitambaa aliziuliza mara moja tu, na alipojibiwa akasema, "Ajabu," akarudi kwenye sataranji. Lakini Yurong alimsikia akiwasimulia wenzake uwanjani, na katika simulizi yake mke wake alikuwa ameongoza msafara.

Mwezi wa saba ukafika, na siku ya tetemeko. Jioni ya siku hiyo Tangshan nzima hushuka barabarani na karatasi zake, na moshi hukaa juu ya mji mpaka asubuhi. Safari hii Yurong aliamka mapema kupika. Alitaka meza mbili uani, chini ya jengo lao, mchana, kabla ya kuchoma.

"Hakuna afanyaye hivyo hapa," Changshun akasema. "Watu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme wakiwa wanakula."

Changshun aliguna, akaenda kubisha kwa majirani kuazima viti.

Watu walikuja wakiwa hawajui waje vipi. Mmoja alivaa nyeusi, mwingine alikuja na tikiti maji. Walikaa wima, wakanong'ona, wakagusa chakula kwa ncha za vijiti. Kulikuwa na maandazi ya kuchemsha yenye mboga, samaki wa bahari, nyama ya kuchoma kwa sosi, na katikati sungura wa Suhua, aliyetumwa kwa posta wiki hiyo na ujumbe wa sauti uliosema kwamba pilipili imepunguzwa kwa heshima ya kaskazini. Haikuwa imepunguzwa.

Kwenye meza ya pili aliketi mzee Hou, mkongwe wa kiwanda cha vyombo, mmoja wa wachache waliobaki toka mtaa wao wa kabla ya tetemeko. Sikio lake moja lilikuwa halisikii. Kwa miaka mingi alikuwa anapishana na Yurong kwenye ngazi na kumwuliza kama amekula, basi. Alitia kipande cha sungura mdomoni, akakohoa mpaka kofia ikamtoka, wakampiga mgongoni, wakampa chai. Meza ikacheka kwa mara ya kwanza. Mzee Hou alijifuta macho, akalitazama bakuli kama mtu aliyeshindwa mweleka.

"Cuiping angelimaliza lote hili," akasema.

Yurong alikuwa amebeba sahani ya maandazi. Akaiweka mezani.

"Mama yangu alikuwa anakula pilipili, mzee?"

"Hee?"

"Pilipili! Alikuwa anakula?"

"Pilipili sijui, pilipili zilikuwa wapi wakati ule? Nasema alikuwa haogopi kitu. Alikuwa anapiga mluzi."

"Mluzi?"

"Mwanamke mzima. Toka mtaani mpaka lango la kiwanda, asubuhi, anapiga mluzi. Bibi yako alikuwa anatoka nje kumgombeza, kwamba mwanamke akipiga mluzi anaita majoka. Yeye ananyamaza mpaka kona, akifika kona anaanza tena. Sisi vijana tulikuwa tunatoka kazini saa hiyo, zamu ya usiku, tunajua kumekucha kwa ule mluzi." Akachukua kipande kingine cha sungura, akakigeuza akitafuta upande usio na pilipili. "Hukujua?"

"Sikujua."

"Sasa mtu angekwambia lini," mzee Hou akasema. "Hatujawahi kukaa pamoja hivi."

Yurong akavuta kiti kutoka meza ya kwanza, akakaa karibu na lile sikio lake zima. Changshun alimletea bakuli na vijiti bila kuitwa.

"Mluzi wa wimbo gani, mzee?"

Mzee Hou akafikiri. Akakusanya midomo, akapuliza, ikatoka hewa tupu, maana meno ya mbele hayakuwepo. Akajaribu tena. Mama aliyekuja na tikiti akaliweka chini ili asikie vizuri, na watu wa meza zote mbili wakaacha kutafuna, wakingoja.